Kituo cha El Alamein na Pwani Yake

Kituo cha reli cha El Alamein kiko kwenye njia inayotoka Alexandria kwenda Mersa Matruh, kaskazini-magharibi mwa Misri, takriban kilomita 106 magharibi ya Alexandria. Ni kituo cha aina inayoonekana kwenye reli nyingi za jangwani: nyumba ndogo isiyo na ghorofa, njia ya pembeni ya kupishania treni na kibao cha jina. Kwa muda mrefu hapakuwa na mji hapo. Jina la kituo lilivuma duniani kwa sababu ya mapigano ya mwaka 1942, na tangu hapo vitabu vingi vimeliandika kama jina la vita tu. Lakini mapigano hayo hayakuangukia hapo kwa bahati. Yaliletwa na umbo la ardhi, uhaba wa maji na reli yenyewe, mambo matatu ambayo yalikuwa yakiamua maisha ya pwani hii kabla ya askari kufika, na yanaendelea kuyaamua mpaka leo.

Anayetoka baharini kwenda kusini hapo El Alamein hukutana kwanza na mchanga mweupe wa ufukweni, kisha tuta refu la mawe ya chokaa linaloandamana na pwani, kisha mabwawa ya chumvi na tambarare nyembamba. Baada ya hapo ardhi inakuwa jangwa la mawe na changarawe, lenye miinuko mirefu ya chini kama Miteiriya, Ruweisat na Alam Halfa, ambayo mgeni anaweza kuipita bila kujua kwamba amepanda kilima. Kilomita 65 hivi kutoka baharini jangwa hilo hukatika ghafla. Magenge yanashuka kwenye Bonde la Qattara, eneo la kilomita za mraba zipatazo 19,000 ambalo sehemu yake ya chini kabisa iko mita 133 chini ya usawa wa bahari. Sakafu ya bonde ni chumvi, mchanga laini na matope yaliyofunikwa na gamba gumu kwa juu. Ngamia hupita kwenye njia chache zinazojulikana na wenyeji. Gari zito huvunja gamba hilo na kuzama.

Mvua hunyesha majira ya baridi, na karibu na bahari huwa kati ya milimita 100 na 200 kwa mwaka. Mwendo wa saa chache tu kwenda bara, hata kiasi hicho hakipo. Wenyeji wa ukanda huu ni Mabedui wa Awlad Ali, ambao makazi yao yanaanzia karibu na Alexandria hadi mpaka wa Libya. Kwa vizazi vingi wamelima shayiri kwenye mabonde yanayokusanya maji ya mvua, wakapanda mitini na mizeituni karibu na ufukwe, na wakafuga mbuzi, kondoo na ngamia. Kiangazi waliishi kwa visima na kwa mabirika yaliyochongwa ardhini kwenye mwamba, mengi yakiwa yameachwa na watu wa enzi za Kigiriki na Kirumi. Birika moja la namna hiyo, likisafishwa na mifereji yake ikizibuliwa, huweza kunywesha mifugo ya ukoo mzima. Mahali penye mabirika mengi ndipo palipogeuka kuwa vijiji, na reli ilipokuja ilifuata ukanda uleule uliokuwa na watu na maji.

Misri ndiyo nchi ya kwanza barani Afrika kuwa na reli. Kipande cha kutoka Alexandria hadi Kafr el-Zayyat kilianza kazi mwaka 1854, na treni zilifika Cairo mwaka 1856, miaka 40 kabla ya ujenzi wa Reli ya Uganda kuanza Mombasa. Njia ya magharibi ilichelewa kwa kuwa haikuwa na pamba ya kubeba. Aliyeianzisha ni Khedivu Abbas Hilmi II, mtawala wa Misri kuanzia 1892 hadi 1914, aliyekuwa na mashamba na mipango yake binafsi katika nchi ya Mariut. Reli yake ilisogea polepole kufuata pwani. Wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, Waingereza walipokuwa wakipigana na wapiganaji wa tarika ya Kisanusi waliotokea Libya, mwisho wa reli ulikuwa El Dabaa. Kutoka hapo mizigo ya jeshi ilipanda ngamia na magari. Katika miaka ya 1930, Waitaliano walipoongeza nguvu zao Libya na kuivamia Uhabeshi, umuhimu wa njia hiyo kwa jeshi ulipanda tena, na kabla ya Vita vya Pili treni zilikuwa zimefika Mersa Matruh. Ilikuwa njia moja tu, ambayo treni mbili zinazokabiliana hazikuweza kupishana isipokuwa vituoni. Ndiyo sababu vituo viliwekwa hata mahali pasipo na abiria.

Kituo cha kwanza chenye historia ndefu kutoka Alexandria ni Burg el Arab. Jina lake limetokana na mnara wa kale wa Abusir, kwenye magofu ya Taposiris Magna, mji wa enzi za Ptolemaio wenye hekalu lililotazama bahari upande mmoja na ziwa Mariut upande wa pili. Mji wa kisasa wa Burg el Arab, wenye kuta za mawe, ulijengwa mwanzoni mwa karne ya 20 na Mwingereza Wilfred Jennings-Bramly, afisa wa serikali aliyeishi na Mabedui kwa miaka mingi. Kusini yake kuna Abu Mena, mji wa mahujaji wa Kikristo uliokua kandokando ya kaburi la Mtakatifu Mena katika karne za mwanzo za Ukristo. UNESCO iliuandika kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 1979. Miaka hiyohiyo serikali ya Misri ilianzisha Burg el Arab Mpya, mji wa viwanda wenye uwanja wa ndege na uwanja wa mpira unaochukua watazamaji zaidi ya 80,000. Mashabiki wa Tanzania wanaujua uwanja huo kwa uchungu: Juni 2015 Taifa Stars ilifungwa hapo mabao 3-0 na Misri katika mechi ya kufuzu Kombe la Mataifa ya Afrika.

Baada ya Burg el Arab inafuata El Hammam, mji wa soko ambako Mabedui wameuza mifugo na sufu kwa muda mrefu, halafu El Omayed, penye hifadhi ya mimea na wanyama wa jangwa la pwani. Ndipo inapokuja El Alamein. Mbele yake kidogo kuna kituo kingine kidogo, Tel el Eisa, kisha Sidi Abd el Rahman, penye msikiti mweupe ulioonekana kutoka mbali na ambao majeshi ya pande zote mbili yaliutumia kama alama ya njia mwaka 1942. El Dabaa na Fuka zilikuwa vijiji vya reli na viwanja vya ndege vya kijeshi.

Mersa Matruh, takriban kilomita 290 kutoka Alexandria, ni mji wa kweli na wa kale. Wagiriki waliuita Paraetonium, na Aleksanda Mkuu alipita hapo mwaka 331 kabla ya Kristo akielekea kwenye hekalu la Amoni huko Siwa. Bandari yake ya asili, iliyokingwa na miamba, ndiyo iliyoufanya kuwa makao makuu ya mkoa wote wa Matruh.

Vita vya Pili vilipofika Misri, reli hii ndiyo iliyobeba sehemu kubwa ya shehena za Jeshi la Nane la Uingereza na washirika wake. Mwaka 1941 vikosi vya wajenzi wa reli kutoka New Zealand viliirefusha kutoka Matruh kuelekea mpaka wa Libya. Ilifika Misheifa mwezi Novemba mwaka huo, na kufikia Juni 1942 ilikuwa karibu na Tobruk. Ndege za Ujerumani ziliwinda injini za treni bila kupumzika, kwa hiyo huko Misheifa Waingereza walitandaza reli ya uongo yenye mabehewa ya uongo ili mabomu yaanguke huko. Mataruma na chuma vilikuwa haba. Walichokuwa nacho tele ni madebe ya petroli, yale ya galoni nne yanayojulikana katika kila nyumba ya Afrika Mashariki, na reli ile ilitengenezwa kwa madebe yaliyopondwa yakawa bapa. Ilipigwa mabomu kama reli ya kweli.

Tobruk ilianguka tarehe 21 Juni 1942 na Mersa Matruh siku chache baadaye. Jemadari Erwin Rommel, akiongoza Wajerumani na Waitaliano, alifika mbele ya El Alamein tarehe 30 Juni. Kamanda wa Waingereza, Claude Auchinleck, alichagua kusimama hapo kwa sababu iliyo wazi kwa yeyote anayeitazama ramani. Kwingineko kote jangwani jeshi lenye magari lilikuwa linaweza kuzunguka kwa kusini na kutokea nyuma ya adui. Vita vya miaka miwili vilikuwa vimekwenda hivyo, mbele na nyuma, kutoka Libya hadi Misri. Hapo El Alamein hapakuwa na pa kuzungukia. Kaskazini palikuwa na bahari, kusini Bonde la Qattara, na katikati kilomita 65 tu za kulinda. Ngome ya handaki na seng'enge ilikuwa imekwisha kuchimbwa kukizunguka kituo cha reli, na askari wa Afrika Kusini waliishika. Mashambulizi ya Julai yalivunjika kwenye mstari huo.

Siku ya tarehe 10 Julai Waaustralia waliteka miinuko ya Tel el Eisa, pembeni mwa reli. Walikamata pia kikosi cha Wajerumani cha kunasa mawasiliano ya redio, ambacho kilikuwa kikimpa Rommel habari za Waingereza karibu kila siku. Hasara hiyo haikuweza kulipwa haraka, na wanahistoria wengi wanaihesabu kuwa nzito kuliko kupoteza kilima chenyewe.

Tangu hapo vita viligeuka kuwa hesabu ya mizigo. Waingereza walikuwa na Alexandria nyuma yao, mwendo wa saa chache kwa treni. Rommel aliletewa petroli kutoka Tobruk, zaidi ya kilomita 500, na mara nyingine kutoka Tripoli, karibu kilomita 2,000, huku meli nyingi zikizamishwa kabla ya kutia nanga. Lori lililobeba mafuta kutoka mbali hivyo lilikuwa likinywa sehemu kubwa ya shehena yake lenyewe. Bernard Montgomery aliyechukua uongozi wa Jeshi la Nane tarehe 13 Agosti alikataa kuharakishwa hata na Winston Churchill, aliyekuja mwenyewe mwezi huo na kuoga baharini Burg el Arab. Montgomery alingoja mpaka alipokuwa na vifaru zaidi ya 1,000.

Nafasi ya pigo kuu ilikuwa kaskazini, karibu na reli. Ili adui aamini kwamba litakuja kusini na kwa kuchelewa, Geoffrey Barkas, mtengenezaji wa filamu aliyekuwa mkuu wa ufichaji wa vifaa, aliamriwa kuandaa udanganyifu mkubwa. Vifaru vya kaskazini vilivalishwa maturubai vikaonekana kama malori. Upande wa kusini ulichimbwa mtaro wa bomba la maji ambalo halikuwepo. Kila siku urefu wa kilomita kadhaa wa mtaro ulichimbwa, na kando yake kukapangwa madebe matupu yaliyopondwa, ambayo kutoka angani yalifanana na mabomba. Usiku mtaro ulifukiwa kana kwamba bomba limekwisha kulazwa, madebe yakabebwa mbele, na asubuhi kazi ikaanza upya. Rubani wa Kijerumani aliyeipiga picha kazi hiyo aliweza kukadiria kwamba haitakwisha kabla ya Novemba. Kwamba bomba la maji liliaminika kuliko agizo lolote la uongo kunaonyesha jinsi kila mtu jangwani alivyojua kuwa jeshi haliendi pasipo na maji.

Mizinga karibu 900 ilifyatuliwa usiku wa tarehe 23 Oktoba 1942. Rommel alikuwa Ujerumani akitibiwa, na Georg Stumme aliyeshika nafasi yake alikufa kwa mshtuko wa moyo siku iliyofuata. Mbele ya askari wa miguu palikuwa na karibu nusu milioni ya mabomu ya kutegwa ardhini, ambayo Wajerumani waliyaita bustani za shetani. Yalitafutwa kwa vifaa vya kunasia chuma, na mara nyingi kwa ncha ya singe iliyochomekwa mchangani taratibu. Kando ya reli, mwisho wa Oktoba, Waaustralia waliteka kibanda cha wafanyakazi wa reli kilichokuwa kimegeuzwa na Wajerumani kuwa mahali pa kutibia majeruhi. Madaktari wa Kijerumani hawakuondoka, Waaustralia wakaleta wao, na kwa siku kadhaa pande mbili zilifunga vidonda vya askari wa kila jeshi chini ya bendera moja ya Msalaba Mwekundu, huku mizinga ikipita juu ya paa. Tarehe 4 Novemba safu za Rommel zilivunjika. Jeshi la Nane lilikuwa limepoteza watu wapatao 13,500, waliouawa, kujeruhiwa na kupotea. Wajerumani na Waitaliano wapatao 30,000 walitekwa.

Hesabu hizo huwasahau watu wa kazi. Jeshi la Uingereza Mashariki ya Kati lilileta makumi ya maelfu ya Waafrika wa vikosi vya wajenzi na wapakuaji: Wabasuto, Waswana, Waswazi, na pia vijana wa Kenya, Uganda na Tanganyika, katika vikosi ambavyo wazee wa magharibi mwa Kenya waliviita panyako. Walipakua meli, wakapanga shehena maghalani, wakajenga barabara. Bila mikono hiyo, mizigo ya Montgomery isingefika popote, na ni haki kuihesabu kazi yao pamoja na ya wapiga mizinga.

Makaburi yalikuja baada ya vita. Makaburi ya Jumuiya ya Madola yana wafu zaidi ya 7,200, na wapatao 800 kati yao hawajulikani majina. Ukuta wa kumbukumbu ulio langoni umeandikwa majina ya maelfu wengine wasio na kaburi linalojulikana. Montgomery mwenyewe aliuzindua tarehe 24 Oktoba 1954. Wajerumani zaidi ya 4,000 wamelala ndani ya jengo la pembe nane lililofunguliwa mwaka 1959. Upande wa Italia kazi ilifanywa na Paolo Caccia Dominioni, mhandisi aliyepigana hapo na kurudi baada ya vita, akatumia miaka mingi jangwani kukusanya mifupa ya kila jeshi na kuitafutia majina. Kwenye eneo hilo la Waitaliano kuna msikiti mdogo kwa ajili ya askari wa Kilibya waliokufa wakiitumikia Italia.

Mabedui hawakuwa na jeshi kwenye vita hivyo, lakini ndio waliolipa kwa muda mrefu zaidi. Serikali ya Misri imekuwa ikitaja mamilioni ya mabomu na makombora yasiyolipuka yaliyobaki katika Jangwa la Magharibi. Idadi inayorudiwa mara nyingi ni milioni 17 na zaidi. Mvua na upepo huyahamisha, kwa hiyo hata ramani za zamani hazitoshi. Wachungaji, watoto, wakusanyaji wa vyuma chakavu na wakulima wanaofungua mashamba mapya wamekatwa miguu na mikono au kuuawa kwa silaha zilizotegwa kabla hawajazaliwa. Misri haikujiunga na mkataba wa Ottawa wa 1997 unaopiga marufuku mabomu ya ardhini, ikishikilia kwamba nchi zilizoyatega ndizo zenye wajibu wa kuyaondoa. Hoja hiyo ina uzito. Misaada ya kimataifa imekuja, lakini kwa mafungu, na usafishaji umekwenda haraka zaidi pale serikali na wawekezaji walipoihitaji ardhi.

Ardhi ilianza kuhitajika mapema. Mwaka 1966 mafuta yaligunduliwa kusini mwa El Alamein, ya kwanza katika Jangwa la Magharibi, na bandari ya El Hamra ikajengwa pwani kuyasafirisha. Miaka ya 1980 wajenzi wa mji wa mapumziko wa Marina walipokuwa wakisawazisha ufukwe, walifukua makaburi na nguzo za mji wa bandari wa enzi za Kigiriki na Kirumi, ambao wataalamu wa Kipolandi na wa Kimisri wamekuwa wakiuchimba tangu 1986. Tangu mwaka 2018 umekuwa ukijengwa mji wa El Alamein Mpya, wenye minara mirefu ya makazi mbele ya bahari, vyuo vikuu na makao ya kiangazi ya serikali. Magharibi yake, El Dabaa imekuwa eneo la kituo cha kwanza cha nyuklia cha Misri. Rosatom ya Urusi inajenga vinu vinne vyenye uwezo wa jumla wa megawati 4,800, na zege la kinu cha kwanza lilianza kumwagwa Julai 2022. Sehemu ya wakazi wa El Dabaa walilikalia eneo hilo Januari 2012 wakidai fidia kwa ardhi yao, na walilirudisha mwaka uliofuata baada ya mazungumzo.

Watu wakiongezeka hivi, njia moja ya zamani haitoshi. Mwaka 2021 Misri ilitia saini mkataba na Siemens Mobility na washirika wake wa kujenga reli ya umeme ya mwendo kasi ya kilomita 660, kutoka Ain Sokhna kwenye Bahari ya Shamu, kupitia Cairo na Alexandria, hadi El Alamein Mpya na Mersa Matruh.